Wanajeshi waliofia vitani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu siku, sherehe, makaburi na majina

Ukurasa huu ni wa anayemtafuta babu aliyekuwa askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza Afrika Mashariki), wa mwalimu aliyepewa wiki moja kuandaa kumbukumbu shuleni, na wa yeyote anayejiuliza kwa nini nchi moja hukumbuka Mei na nyingine Novemba. Saa zote ni za Kiswahili.

Kwa nini tarehe 11 Novemba, na kwa nini saa tano?

Mapigano ya Vita Kuu ya Kwanza upande wa magharibi ya Ulaya yalisimama tarehe 11 Novemba 1918, saa 5:00 asubuhi. Wazungu wanahesabu kuwa ni saa ya 11, siku ya 11, mwezi wa 11, na msemo huo wanaupenda sana. Ukiuleta kwetu neno kwa neno unaharibika: ukiandika "saa kumi na moja" kwenye kadi ya mwaliko, wageni watafika jioni wakati viti vimeshapakiwa kwenye gari. Andika saa 5:00 asubuhi.

Afrika Mashariki vita havikuisha siku hiyo. Jeshi la Mjerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck lilikuwa bado porini Rhodesia ya Kaskazini, habari zikalifikia siku chache baadaye, nalo likaweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918 pale Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala, nchini Zambia. Kwa hiyo ukikuta askari au mpagazi aliyekufa vitani baada ya tarehe 11, usidhani karani alikosea.

Kila nchi ina siku yake?

Karibu kila nchi, na chanzo cha kila siku ni tofauti. Uingereza hufanya ibada kuu Jumapili ya pili ya Novemba, kwenye mnara wa Cenotaph, London. Australia na New Zealand hukumbuka tarehe 25 Aprili, siku wanajeshi wao waliposhuka Gallipoli, Uturuki, mwaka 1915. Ibada ni ya alfajiri. Uholanzi ni tarehe 4 Mei, saa 2:00 usiku. Ujerumani ni Jumapili mbili kabla ya Majilio kuanza.

Marekani ni Jumatatu ya mwisho ya Mei. Watu wengi huichanganya na tarehe 11 Novemba ya hukohuko Marekani: ya Mei ni ya waliokufa, ya Novemba ni ya wote waliowahi kulitumikia jeshi. Kumpongeza mjane siku ile ya Mei ni kosa ambalo jamaa zetu walioko huko hulifanya mwaka wa kwanza, na hulikumbuka kwa muda mrefu.

Kwetu: Tanzania ni Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai. Kenya ina Siku ya Mashujaa tarehe 20 Oktoba, ambayo ni ya mashujaa wa kila aina; jeshi lina siku yake tarehe 14 Oktoba, likikumbuka kuingia Somalia mwaka 2011. Uganda ni tarehe 9 Juni, Rwanda tarehe 1 Februari. Walinda amani wa Umoja wa Mataifa wana tarehe 29 Mei.

Tanzania huweka mkuki na ngao badala ya maua. Utaratibu ukoje?

Maua yapo, ila si peke yake. Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara, Mkuu wa Majeshi huweka sime, kiongozi wa mabalozi huweka shada la maua, meya huweka upinde na mishale, na mwakilishi wa askari wastaafu huweka shoka. Kwa miaka mingi ilifanyika Mnazi Mmoja, Dar es Salaam. Siku hizi ni Dodoma. Kwa maoni yetu ni moja ya taratibu chache katika ukanda huu zilizochukua umbo la sherehe ya Kiingereza, yaani gwaride, tarumbeta na ukimya, zikatia ndani yake kitu cha wenyewe.

Makaburi yenyewe yako mbali na kamera. Waliokufa katika vita vya Kagera vya 1978 na 1979 wana makaburi Kaboya, wilayani Muleba. Waliofia ukombozi wa Msumbiji wako Naliendele, Mtwara.

Ukimya wa dakika mbili ulitoka wapi?

Afrika. Mwaka 1918 mji wa Cape Town ulianza kusimama kimya kila siku mzinga wa adhuhuri ulipolia: dakika ya kwanza kwa waliorudi wazima, ya pili kwa waliokufa. Sir Percy FitzPatrick alilipeleka wazo hilo London, na Mfalme George wa Tano akalitangaza Novemba 1919. Sehemu nyingi leo zimebakiza dakika moja. Hakuna kosa.

Tunaandaa kumbukumbu ndogo shuleni au kijijini. Tufuate hatua gani?

Mpangilio huu hutosha kwa dakika kama ishirini:

1. Watu wasimame mahali pao dakika kumi kabla. Anayepiga tarumbeta asimame kando, si mbele ya kipaza sauti.
2. Maneno mafupi, kisha majina ya marehemu yasomwe. Jaribu kusoma kwa sauti siku moja kabla: majina 30 yasiyoharakishwa huchukua takriban dakika mbili na nusu.
3. Wimbo wa tarumbeta wa kuaga.
4. Ukimya.
5. Wimbo wa tarumbeta wa kuamsha.
6. Mashada, kuanzia kwa wafiwa. Viongozi wafuate.

Kwenye Cenotaph ya London wimbo wa kuaga hupigwa baada ya ukimya, kwa sababu mzinga ndio unaoufungua na kuufunga. Nyinyi hamna mzinga. Tarumbeta ndiyo ishara yenu, kwa hiyo iweni na moja kabla na moja baada.

Kinachoharibika mara nyingi ni ukimya wenyewe. Anayeuongoza huona sekunde arobaini kama dakika mbili, akaukatisha. Mpe mtu mmoja saa yenye mshale wa sekunde, asimame pale mwongozaji anapomwona, na kazi yake iwe kuinua mkono tu. La pili ni simu ya mshereheshaji, ambayo hulia ikiwa juu ya meza karibu na kipaza sauti. La tatu ni mpiga tarumbeta aliyekaa kimya nusu saa: midomo imepoa, noti ya kwanza inapasuka. Apulizie mdomo wa chombo bila kutoa sauti dakika tano kabla.

Bendera nusu mlingoti hupandishwaje?

Ipandishe haraka hadi juu kabisa, iache igote kileleni, kisha ishushe polepole hadi nusu. Jioni fanya kinyume: ipande tena hadi juu ndipo ishuke chini kabisa. Wengi huipandisha moja kwa moja hadi nusu na kuifunga hapo. Kwa mtu wa jeshi hiyo ni bendera iliyokwama. Kama mlingoti ni mfupi, usiishushe kiasi cha kugusa vichwa vya watu au paa; theluthi moja kutoka juu inatosha. Marekani siku ya Mei bendera hukaa nusu mlingoti hadi saa 6:00 mchana tu, kisha hupandishwa juu hadi jua lizame.

Kwa nini askari huanguka wakiwa wamesimama tu kwenye gwaride?

Magoti yaliyokazwa. Misuli ya miguu isipocheza, damu hubaki chini, ubongo hukosa, mtu anaanguka kama gogo. Jua, kofia nzito na kukosa kifungua kinywa humalizia kazi. Wanafunzi wako wanywe maji asubuhi, wale kitu, walegeze magoti kidogo na kuchezesha vidole vya miguu ndani ya viatu, hakuna atakayeona. Akianguka mmoja, mlaze kivulini na uinue miguu. Usimsimamishe upesi "ili asituaibishe".

Askari Asiyejulikana ni nani?

Ni mtu mmoja halisi aliyekufa bila kutambuliwa, akazikwa kwa heshima ya taifa kwa niaba ya wenzake wote wasio na jina. Uingereza na Ufaransa ziliwaenzi wa kwao siku moja, tarehe 11 Novemba 1920, mmoja katika kanisa la Westminster Abbey, mwingine chini ya Arc de Triomphe, Paris. Marekani ikafuata mwaka 1921.

Namna Ufaransa ilivyochagua inafaa kuelezwa. Majeneza manane yaliwekwa ndani ya ngome ya Verdun. Askari kijana, Auguste Thin, alipewa shada na kuambiwa aliweke juu ya jeneza alitakalo. Alikuwa wa kikosi cha 132. Akajumlisha 1 na 3 na 2, akapata 6, akaenda kwenye jeneza la sita. Tangu 1923 mwenge unawaka juu ya kaburi hilo, na huchochewa kila siku saa 12:30 jioni.

Huenda wapya wasipatikane tena, sababu ni vinasaba. Mwaka 1998 Marekani ilifukua askari wake asiyejulikana wa vita vya Vietnam, ikapima, ikamtambua kuwa rubani Michael Blassie, akarudishwa kwa familia. Nafasi ile imeachwa tupu.

Rwanda nayo ina Askari Asiyejulikana: yuko pamoja na Meja Jenerali Fred Rwigema katika daraja la juu la mashujaa, Imanzi.

Mbona wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza hawana makaburi?

Wana makaburi; hayana alama. Swali hili lina uzito kuliko mengine yote hapa, kwa hiyo tutalikalia.

Kampeni ya Afrika Mashariki ilibebwa kichwani. Mbung'o waliua farasi na nyumbu, barabara hazikuwepo, mvua ikageuza njia kuwa tope, hivyo risasi, unga na majeruhi walibebwa na watu. Upande wa Waingereza peke yake, wapagazi waliokufa hukadiriwa kufikia 95,000. Risasi iliwaua wachache. Wengi waliuawa na kuhara damu, malaria na kichomi, na sehemu ya lawama ni ya chungu: watu waliozoea ndizi au wimbi walipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, wakaupika haraka kwa kuni mbichi, nao ukawakwangua matumbo. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, ndilo lililobaki midomoni mwetu: Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi.

Tume ya Makaburi ya Vita, inayojulikana leo kwa herufi CWGC, iliundwa mwaka 1917 kwa kanuni iliyokuwa mpya kabisa: kila marehemu aandikwe jina lake, bila kujali cheo, rangi wala dini. Ulaya kanuni ilifuatwa. Hapa, wakuu wa makoloni na tume walikubaliana kwamba makaburi mengi ya wapagazi na askari Waafrika yaachwe yarudi porini, na badala ya majina zisimamishwe sanamu. Ndiyo asili ya Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam ya 1927, na ndugu zake wa Mombasa na Nairobi, zote za mchongaji James Alexander Stevenson. Ile ya Nairobi ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Itazame vizuri sanamu ya Dar es Salaam ukipita Mtaa wa Samora: maandishi yake yako kwa Kiingereza, kwa Kiswahili cha herufi za Kilatini, na kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Ahadi iliyochongwa pale ni kwamba watoto wa atakayekufa watalikumbuka jina lake. Jina lenyewe halikuchongwa hata moja.

Mwaka 2021 tume ilichapisha ripoti ya uchunguzi wake yenyewe na kuomba radhi. Ilikadiria kuwa watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Kazi ya kutafuta majina inaendelea. Januari 2025 Cape Town ilizinduliwa kumbukumbu yenye majina zaidi ya 1,700 ya vibarua wa jeshi wa Afrika Kusini. Ilichukua zaidi ya miaka mia moja.

Nitatafutaje jina la babu?

Anza nyumbani, si mtandaoni. Kabla ya kufungua kompyuta pata vitu vitano: jina lake lote pamoja na la baba yake, kijiji na jina la chifu au jumbe wa wakati huo, vita vipi (vya Mjerumani, yaani Vita Kuu ya Kwanza, au vya Bama, yaani Burma katika Vita ya Pili), kazi yake (bunduki, udereva, mizigo, upishi), na mwaka ambao barua au mshahara vilikoma. Wazee hukumbuka zaidi ukiwauliza kwa njaa na mvua kuliko kwa tarehe.

Kisha ingia kwenye hazina ya majina ya CWGC, ni bure. Fuata hivi:

1. Kwenye kisanduku cha jina la ukoo andika jina moja tu. Acha la kwanza wazi. Makarani waliandika "Juma bin Ali" mara chini ya Juma, mara chini ya Ali, kwa hiyo tafuta yote mawili.
2. Badilisha tahajia kwa sikio la Mwingereza: Mwinyi huwa Muinyi, Saidi huwa Saide, L na R hubadilishana, N ya mwanzo hudondoka.
3. Chagua kikosi. King's African Rifles ndiyo Keya. Dereva mtafute East African Army Service Corps, kibarua African Pioneer Corps.
4. Angalia tarehe. Tume huhesabu vifo vya kuanzia tarehe 4 Agosti 1914 hadi 31 Agosti 1921, na tarehe 3 Septemba 1939 hadi 31 Desemba 1947. Aliyekufa nje ya hapo hatakuwemo, hata kama alikufa kwa kidonda cha vita.

Jina likikosekana, nenda kwenye nyaraka: Hifadhi ya Taifa ya Kenya iliyoko Moi Avenue, Nairobi, Nyaraka za Taifa za Tanzania, Upanga, au hifadhi ya taifa ya Uingereza iliyoko Kew, London, ambako shajara za vikosi za Vita Kuu ya Kwanza ziko katika kundi WO 95, barua za koloni la Kenya CO 533, za Tanganyika CO 691. Ujue mapema kwamba shajara ya kikosi hutaja maofisa kwa majina na askari kwa idadi. Inakupa mahali na siku. Jina utalileta wewe.

Barua ya zamani inasema alizikwa Ocean Road, Dar es Salaam. Simuoni.

Makaburi ya vita ya Ocean Road yalihamishwa mwaka 1968 kupisha barabara mpya. Mtafute Dar es Salaam War Cemetery, Barabara ya Bagamoyo.

Nimempata, ila hakuna namba ya kaburi, kuna namba ya safu tu. Maana yake?

Maana yake mwili haukupatikana au haukutambulika, na jina limeandikwa ukutani. Namba ni ya safu au bamba la kuangalia. Mfano ni meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Ceylon (leo Sri Lanka) na kuzamishwa na nyambizi ya Kijapani tarehe 12 Februari 1944. Walikufa karibu watu 1,300, wakiwemo mamia ya wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Bahari haina makaburi, hivyo wanajeshi wa Afrika Mashariki waliopotea nayo wameandikwa kwenye East Africa Memorial, ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi. Waliopotea Bama wako kwenye nguzo za kumbukumbu ya Taukkyan, karibu na Yangon, penye majina karibu 27,000.

Tuna medali ya babu kwenye sanduku. Itatusaidia?

Inategemea vita. Medali ya fedha ya Uingereza ya Vita Kuu ya Kwanza ina namba, jina na kikosi vimepigwa kwenye ukingo. Usiisugue kwa majivu wala dawa ya meno: ndivyo maandishi yanavyofutika. Zima taa, ilaze tochi iangaze kwa ubavu, zungusha medali polepole. Kivuli kitaonyesha herufi ambazo mchana hazionekani. Medali za Vita ya Pili, ikiwemo nyota ya Bama, Uingereza ilizitoa bila jina. Hazithibitishi mtu, zinathibitisha mahali.

Jiwe la kaburi lina vipimo gani, na tulisafisheje?

Jiwe la kawaida la CWGC lina urefu wa milimita 813 juu ya ardhi, upana 381, unene 76. Jenerali na mpishi wanalingana. Familia ziliruhusiwa kuongeza maneno yasiyozidi herufi 66, nafasi zikihesabiwa. Mahali penye udongo usiotulia hutumika vibao vifupi vilivyolala badala ya mawe ya kusimama.

Mawe ya tume yaachieni watunzaji wake. Kwa mnara wa kijiji: maji safi na brashi laini ya nailoni, kuanzia chini kwenda juu ili uchafu usiache michirizi. Jiki na asidi hula jiwe la chokaa. Brashi ya waya huacha chembe za chuma ambazo hupata kutu. Nyufa za jiwe laini zisizibwe kwa saruji, kwa kuwa saruji ni ngumu kuliko jiwe: unyevu hunaswa nyuma yake na uso wa jiwe unabanduka. Sanamu ya shaba karibu na bahari ioshwe chumvi kwa maji baridi na sabuni hafifu, ikaushwe, kisha ipakwe nta ikiwa na joto la jua. Rangi ya dhahabu ya dukani inayopakwa kabla ya ziara ya kiongozi huficha maandishi, na kuiondoa ni kazi ya fundi wa siku kadhaa.

Jina linaweza kuongezwa au kusahihishwa?

Ndiyo. Tahajia ni rahisi: peleka hati moja au mbili zinazoonyesha jina sahihi. Kuongeza jina jipya kunahitaji mambo matatu: alikuwa jeshini, alikufa ndani ya tarehe zile, na kifo kilitokana na utumishi au alikuwa bado kazini. Simulizi ya familia hufungua mlango, lakini haitoshi peke yake; ambatisha barua ya malipo, orodha ya kikosi, au hati ya fidia ya mjane. Tuma nakala, asili baki nayo.

Mwili unaweza kurudishwa nyumbani?

Wa vita vya zamani, hapana: Uingereza ilikataza, tajiri na maskini sawa, ili wote wabaki na wenzao. Marekani iliziachia familia ziamue. Leo nchi nyingi huwaleta wafu wao nyumbani, kama Tanzania ilivyofanya kwa walinda amani waliouawa Semuliki, mashariki mwa Kongo, Desemba 2017.

Naweza kutembelea na kupiga picha?

Makaburi ya CWGC yako wazi mchana na hayana kiingilio. Yaliyo chini ya jeshi, kama Kaboya, omba ruhusa mapema. Ukifika kwa CWGC tafuta kijisanduku cha chuma ukutani karibu na mlango: ndani mna orodha ya waliozikwa na daftari la wageni. Andika jina lako, ulikotoka, na uliyekuja kumwona. Kalamu njoo nayo.